Kutoka 2140 kwenda 2300: kumbukumbu ya mwaka wangu wa blitzi

Januari

Nimekaa kwenye pointi 2140 za blitzi, yaani chesi ya dakika chache, kwenye tovuti ya chesi ya Lichess karibu miaka 2. Napanda hadi 2170, nateremka hadi 2110, narudi palepale. Wala sijaanza kucheza chesi juzi. Jumamosi nafundisha watoto hapa Dar, funguzi zangu, yaani hatua za mwanzo, nazijua, na hata chekimeti ya askofu na farasi nikipewa muda naimaliza. Tatizo ni huo muda. Ukinipa nusu saa nacheza mchezo ninaoweza kuuonyesha kwa mtu yeyote, ukinipa dakika 3 nafungwa na watu ambao ninaona kabisa wanakosea. Nataka 2300 kabla mwaka haujaisha, na kila nitakachojaribu nitakiandika hapa.

Jambo la kwanza nililoamua ni aina ya saa. Lichess huchukua sekunde za kuanzia, ikajumlisha na nyongeza ya kila hatua mara 40. Jumla ikifika 180 mchezo unaitwa blitzi, ikiwa chini ya hapo ni buleti, mchezo wa haraka zaidi. Kwa hesabu hiyo 3+0 (dakika 3 bila nyongeza) imesimama mlangoni kabisa, wakati 3+2 (dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2) inafika 260. Nimeiacha 3+0. Ubingwa wa dunia wa blitzi wenyewe unachezwa kwa 3+2, na huko anayeshinda ni anayecheza vizuri kwa haraka. Kwenye 3+0 nimeshinda mara nyingi sana nikiwa na ngome pungufu kwa sababu tu saa ya mwenzangu iliisha, na ushindi wa namna hiyo haunifundishi kitu.

Sababu nyingine ni mtandao. Seva za Lichess ziko Ufaransa, na hatua ninayocheza nikiwa Kinondoni lazima iende huko na jibu lirudi. Lichess hufidia sehemu ya ucheleweshaji huo. Lakini mvua kubwa ikinyesha na bando la simu likaanza kusuasua, fidia haitoshi. Zile sekunde 2 za nyongeza hunipa pumzi.

Februari

Sijacheza mwezi mzima. Nimechukua michezo 60 ya mwisho niliyofungwa, nikafungua daftari la shule la kawaida na kuchora safu 3: hatua iliyonichukua muda mrefu kuliko zote, muda wenyewe, na injini, yaani programu ya kuchambua chesi, ilisema nini kuhusu hatua hiyo. Lichess ina grafu inayoonyesha muda wa kila hatua, kwa hiyo kazi ni ya uvumilivu tu.

Nilitegemea kukuta makosa ya kuachia kete bure. Yapo, lakini karibu yote yako mwishoni, nikiwa na sekunde 15 au chini yake. Swali likawa: kwa nini nilibaki na sekunde 15 wakati mwenzangu ana dakika nzima? Jibu lilikuwa kwenye safu ya pili. Katika michezo 37 kati ya 60 nilikaa zaidi ya sekunde 25 kwenye hatua moja, mara nyingi kati ya hatua ya 11 na ya 17. Na karibu kila mara hatua niliyoicheza mwishowe ama ilikuwa ileile niliyoiona mwanzo, ama ilikuwa nyingine yenye thamani ileile.

Mmoja naukumbuka vizuri. Nina weupe, mfalme wangu ameshajificha, kete zote ziko nje, mistari ya d na e iko wazi (mistari ya wima ya ubao ina herufi, ya mlalo ina namba). Bado ngome. Niiweke d1 au e1? Na nikiiweka d1, ni hii ya f au ile ya a? Nilikaa sekunde 41. Nilimwona mpinzani akinibana d5, nikamwona akiingia e4, nikarudi mwanzo, nikahesabu upya. Nikacheza e1. Injini ya Stockfish inasema hatua zote 3 zinalingana, tofauti yake haifiki hata robo ya askari mmoja. Mchezo huo niliupoteza kwenye hatua ya 38 kwa kuacha farasi achukuliwe, nikiwa na sekunde 4. Sekunde zile 41 ndizo zilizomla farasi.

Machi

Kanuni ya mwezi: hatua mbili zikionekana nzuri na hakuna kete inayoliwa wala mfalme anayetishiwa, cheza uliyoiona kwanza. Muda mrefu nautunza kwa mambo 3 tu: kubadilishana malkia, kusukuma askari aliye mbele ya mfalme wangu, na kutoa kete sadaka. Hayo hayarudi nyuma ukishayafanya.

Ni ngumu kuliko inavyosikika. Mtu aliyejifunza chesi kwa michezo mirefu anajisikia mzembe akicheza bila kuhesabu. Kilichonisaidia ni kukumbuka drafti. Kabla ya kujua chesi nilicheza drafti kwa vizibo vya soda, chini ya mwembe, pamoja na mafundi pikipiki. Pale hapakuwa na saa, lakini ukifikiri sana watazamaji wote wanakupigia kelele, "Sogeza bwana!" Wazee wazuri wa pale walikuwa wakisogeza kete huku wanaongea habari za mpira, na walikuwa wanaona mbali kuliko sisi vijana tuliokunja uso. Walikuwa wamezikuta sura zile za ubao mara elfu. Mimi pia sura nyingi za chesi nimezikuta mara elfu, sema nilikuwa siziamini.

Mwisho wa Machi: 2178.

Aprili na Mei

Ufunguzi. Sikutaka kuugusa, maana wachezaji wengi wa kiwango changu hukimbilia huko kila wakikwama na hutoka na video 40 kichwani bila pointi hata moja. Lakini daftari lilionyesha kwamba nikiwa na weusi natumia dakika nzima kabla ya hatua ya 10, hasa kwenye ufunguzi uitwao Caro-Kann, pale mweupe anaposukuma askari hadi e5. Natoa askofu f5, naye anajibu askari h4. Hatua hii ilinisumbua miaka yote. Inaonekana ya kitoto, lakini ukijibu kwa mazoea na e6 umekwisha: anakuja g4, askofu anakimbilia e4, anafukuzwa na f3, anarudi g6, halafu h5 inamfungia mlango. Unapoteza askofu kwa askari mmoja. Jibu ni kusukuma h5 mwenyewe, mara moja, kabla ya kitu kingine.

Nilijua hivyo. Ila nilikuwa nalitafuta jibu hilo upya kila mara, sekunde 12, sekunde 18. Nikaandika majibu ya hatua 8 za kwanza kwa kila njia anayoweza kuchagua mweupe, ukurasa mmoja tu, nikayarudia kila asubuhi nikisubiri mwendokasi. Baada ya wiki 3 nilikuwa nafika hatua ya 10 nikiwa na dakika 2 na sekunde 50 na zaidi. Sikujifunza kitu kipya hata kimoja. 2203.

Juni

Mchezo wa mwezi, na labda wa mwaka. Weusi, nimebaki na ngome tu, mwenzangu ana ngome na askari e5. Mfalme wangu e8, wake d5. Mimi sekunde 9, yeye dakika 1 na sekunde 10.

Hali hii inaitwa kwa jina la Philidor, mchezaji chesi Mfaransa wa karne ya 18. Ngome yangu iko a6, inafunga mstari wote wa 6 ili mfalme wake asipande. Anazungusha ngome yake, mimi nasogea b6, a6, b6. Kila hatua inanigharimu chini ya sekunde moja, na saa inanirudishia 2. Sekunde 11. 13. 16. Akachoka kusubiri, akasukuma askari e6. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu askari huyo anafungua nafasi ya mfalme kupanda mstari wa 6 na kutishia chekimeti. Mkono wangu ulishaenda: ngome chini kabisa hadi mstari wa kwanza. Mfalme wake alipokuja d6 nikampiga cheki kutoka d1, akasogea, cheki tena, na tena. Hana pa kujikinga, maana askari aliyekuwa kinga yake ameshapita mbele. Sare, nami nina sekunde 21.

Niliamka nikatembea sebuleni. Kwa mara ya kwanza niliona saa yangu ikipanda nikiwa kwenye shida. Ujuzi wa mwisho wa mchezo, kwenye 3+2, ni muda unaouweka akiba. Tangu siku hiyo natenga dakika 15 kila siku kwa miisho ya ngome peke yake.

Agosti

Nimeporomoka. Kutoka 2229 hadi 2161 ndani ya siku 9. Nimeangalia saa za michezo hiyo na karibu yote niliyofungwa mfululizo ilianza baada ya saa 5 usiku. Nafungwa mmoja, nataka kurudisha pointi, nafungwa wa pili, naendelea hadi saa 7. Kanuni mpya: michezo 8 kwa siku, nikifungwa miwili mfululizo nafunga simu, na baada ya saa 4 usiku sichezi.

Pia nimepunguza Puzzle Storm. Ni zoezi zuri la kuona haraka, dakika 3 za mafumbo mfululizo, na linanoa macho kweli. Lakini kwenye fumbo unajua kuna kitu. Kwenye mchezo wa kweli nilianza kutafuta sadaka mahali ambapo hapakuwa na sadaka, na zile sekunde 25 zikaanza kurudi kwa mlango mwingine. Sasa ni raundi 2 asubuhi, basi.

Oktoba

2241. Zimebaki pointi 59 na miezi 2 na siku kadhaa. Nimerudia zoezi la daftari kwa michezo mingine 60 niliyofungwa. Hatua zinazozidi sekunde 25 zimepatikana kwenye michezo 14. Sababu mpya iliyo juu kabisa sikuitegemea: michezo niliyofungwa nikiwa mbele kwa askari mmoja au wawili, malkia wote wakiwa bado ubaoni. Nalinda nilichonacho, kete zinarudi nyuma moja moja, mwenzangu anapata mashambulizi ya bure. Nimezitenga nafasi 20 za namna hiyo. Kesho saa 2 usiku naanza kuzicheza dhidi ya injini, dakika 3 kila moja, nami nikilazimika kutafuta namna ya kubadilishana malkia kabla ya hatua 10 kwisha.