Daftari la Makosa: Nilivyojiandaa kwa Mtihani wa Kidato cha Sita

Mwanzoni mwa kidato cha sita, katika mtihani wa majaribio, nilipata C ya Baiolojia, E ya Kemia na S ya Fizikia. Nilikuwa nikisoma tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, katika shule moja ya bweni wilayani Masasi, na nyumbani Newala walikwisha kuniita daktari, akiwemo mjomba, ambaye alininunulia mahitaji yote ya shule kwa fedha za korosho zake na ambaye, kama ilivyo kwa Wamakonde wengi, ana neno zito juu ya watoto wa dada yake. Nchini kwetu Tanzania anayetoka kidato cha sita huchaguliwa kusomea udaktari kwa matokeo ya mtihani wa taifa, ambapo A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1, ilhali S haihesabiwi kuwa ufaulu mkuu. Kwa hiyo kwa matokeo yale sikuwa na cha kuombea nafasi ya udaktari.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nasoma sana. Nilikesha darasani baada ya prepo, kipindi cha kujisomea usiku, nikapigia mistari vitabu vizima kwa kalamu ya rangi, na nilipofunga kitabu niliamini kwamba nimeelewa. Mwalimu wetu wa Baiolojia ndiye aliyenifumbua macho. Aliniambia nimweleze kwa Kiswahili namna figo inavyorudisha maji mwilini, nikaeleza vizuri. Kisha akanipa karatasi niyaandike hayohayo kwa Kiingereza, lugha ya mtihani, kwa dakika 15. Niliandika mistari minne, na miwili kati yake ilikuwa ikirudia swali.

Tangu siku hiyo nilipunguza kusoma nikaanza kujibu. Saa kumi alfajiri, kabla bweni halijaamka, nilichukua swali moja la insha la miaka iliyopita, nikalieleza kwanza kwa Kiswahili kwa sauti ya chini, ndipo nikaliandika kwa Kiingereza huku saa ikiwa mezani. Jioni nilibadilishana karatasi na wenzangu wawili tukasahihishana bila huruma. Katika steshenari moja ya mjini Masasi nilichapisha pia taarifa za Baraza la Mitihani zinazochambua majibu ya watahiniwa, ambazo huonyesha mifano ya majibu mazuri na mabovu yaliyoandikwa kwa mkono. Kwa maoni yangu hakuna tuisheni iliyonifaa kuzidi kurasa zile, kwa sababu niliona makosa yangu mwenyewe katika mwandiko wa watu nisiowajua. Kila kosa nililiandika katika daftari moja dogo, pamoja na sababu yake, na daftari hilo ndilo pekee nililobeba likizo ya Desemba, nikilisoma chini ya mkorosho kila nilipopumzika kutenganisha korosho na mabibo.

Kwa Fizikia sikuwa na ujanja wowote zaidi ya kukokotoa maswali matatu kila siku, Jumapili ikiwemo.

Mtihani wa vitendo ndio ulionipa kazi kubwa, kwa kuwa bureti, mirija ya kioo yenye vipimo na koki, zilikuwa chache na zamu ya kila mmoja ilikuwa fupi. Siku moja tulipima asidi ya okzaliki kwa potasiamu pamanganeti. Nilipasha mchanganyiko moto kama ilivyoelekezwa, kisha nikauacha upoe nikibishana na jirani yangu kuhusu jedwali. Nilipofungua bureti, rangi ya waridi, inayoashiria kwamba asidi imeisha, ilikaa mapema, nikashangilia kwamba nimefika mwisho. Majibu yangu matatu yalitofautiana vibaya. Mwalimu wa Kemia alinionyesha kwamba mmenyuko ule huanza polepole sana katika ubaridi, hivyo rangi hukaa kabla asidi haijaisha, na akaniongezea kwamba kwa kimiminika chenye rangi nzito namna ile husomwa ukingo wa juu wa mpindo wa uso wake ndani ya bureti, si wa chini tuliouzoea. Mambo hayo mawili yalijaza ukurasa mzima wa daftari. Kuanzia hapo, nilipokosa zamu ya maabara, nilisimama nyuma ya mwenzangu nikaandika usomaji wake katika jedwali langu na kufanya hesabu zote, kwani alama nyingi hupotelea kwenye jedwali na hesabu, wala si kwenye bureti.

Mwezi Mei tulifanya mtihani, na matokeo yalipotoka nilikuwa shambani nikimsaidia mjomba kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Nilipata A ya Baiolojia, B ya Kemia na C ya Fizikia. Mjomba aliweka bomba chini, akahesabu kwa vidole tano, nne na tatu, akauliza kama hizo kumi na mbili zinatosha. Nilimjibu kwamba zinaniruhusu kuomba, ila waombaji ni wengi na wapo wenye kumi na tano. Jioni ile tukapanda bodaboda hadi mjini, kwenye intaneti, tukatuma maombi katika vyuo vitatu.