Daftari la huduma za afya la mtaa wetu: nililiandaa hivi

Tandika, mtaani kwetu Temeke, Dar es Salaam, haina uhaba wa huduma za afya kwa kiasi ambacho wengi wanadhani. Kinachokosekana ni habari zake. Kila huduma ina mlango wake, siku yake na karatasi zake, na mgonjwa asiyevijua hivyo vitatu hupoteza nauli na asubuhi nzima, kisha huishia kununua vidonge viwili dukani na kurudi kulala. Ndiyo sababu niliandaa daftari la mtaa. Naeleza lilivyotengenezwa ili mtu wa Mbagala, Manzese au Gongo la Mboto aweze kuandaa la kwao, maana la Tandika halitamfaa.

Kifaa ni kaunta buku ya kwaya mbili na kalamu ya wino. Simu inasaidia kupiga picha matangazo ya ukutani, lakini daftari ndilo linaloweza kukaa mezani kwa mjumbe na kusomwa na mtu asiye na bando. Kila ukurasa niliugawa safu sita: huduma yenyewe, jengo na mlango, siku na saa, vitu vya kubeba, gharama, na tarehe niliyohakiki. Safu ya mwisho wengi huiona ya ziada. Kwangu ndiyo roho ya daftari, kwa sababu siku za kliniki hubadilika na huduma za miradi hukoma mradi unapoisha. Habari isiyo na tarehe hamjui kama bado ni kweli.

Nilianzia ofisi ya serikali ya mtaa, siyo hospitali. Mwenyekiti au mtendaji wa mtaa anajua wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaohusika na eneo lenu, na ndiye anayeandika barua ya utambulisho inayokufungulia milango mingine. Eleza wazi kwamba unakusanya taarifa za huduma, wala si za wagonjwa. Kwa barua hiyo nilikwenda kwa mganga mfawidhi wa zahanati, kisha kwa afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Usiende Jumatatu asubuhi, foleni inakuwa ndefu na hakuna atakayekusikiliza. Katikati ya wiki, baada ya saa nane mchana, watu wanapata nafasi ya kuzungumza.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye mtu wa kwanza kuandikwa. Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu hawa Januari 2024, na kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba, kutoa elimu, kutambua dalili za hatari na kumpeleka mtu kwenye kituo. Hawatibu magonjwa makubwa nyumbani, na ni vizuri kuliandika hilo ili jirani asimkasirikie mhudumu aliyemwambia aende zahanati.

Kisha andika ngazi za huduma kwa mpangilio: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, na juu yake Muhimbili na taasisi maalumu kama Ocean Road kwa saratani na ile ya moyo ya Jakaya Kikwete. Dar es Salaam ina hospitali za rufaa za mkoa tatu zinazojulikana na kila mtu: Amana, Temeke na Mwananyamala. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuruka ngazi. Mtu ana homa ya siku mbili, anakwenda moja kwa moja hospitali kubwa, anakaa foleni na watu waliopewa rufaa, na kama anatumia bima anaweza kuambiwa hana karatasi ya rufaa, hivyo alipe mwenyewe. Zahanati ingempima malaria, ikampa dawa, na kama hali ingezidi ikamwandikia rufaa yenye maelezo ya alichokwisha kupewa. Dharura haifuati ngazi: mtu anayetokwa na damu nyingi, aliyepoteza fahamu, au ambaye upande mmoja wa mwili umelegea ghafla na maneno hayatoki vizuri, anapelekwa palipo karibu penye daktari wakati huo.

Gharama uliza kwa vipande. Ukiuliza “huduma ni bei gani?” utajibiwa kwa jumla na utapotosha watu. Uliza kumwona daktari ni kiasi gani, kipimo fulani ni kiasi gani, na dawa ikikosekana mgonjwa anapewa karatasi akanunue wapi. Vituo vingi vya serikali hutoa namba ya malipo ya kulipia kwa simu, kwa hiyo mgonjwa awe na salio kwenye simu na asifute ujumbe wa muamala hadi amalize matibabu.

Sera ya afya ina msamaha wa malipo kwa wajawazito, watoto chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Matibabu ya kifua kikuu, ukoma na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hutolewa bila malipo. Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu ndipo watu wanapokwama. Mzee anaambiwa matibabu ni bure, anafika, anadaiwa, anarudi nyumbani akiwa amevunjika moyo. Mara nyingi kilichokosekana ni utambuzi: hakuna karatasi inayoonyesha umri wake wala hali yake ya maisha. Njia inayofanya kazi ni kuanza mtaani. Mwenyekiti anamwingiza kwenye orodha ya wazee, barua inapita kwa mtendaji wa kata na ustawi wa jamii, na mzee anabeba kitambulisho cha taifa au cheti chochote chenye mwaka wa kuzaliwa, pamoja na picha ndogo mbili. Akishafika hospitali bila karatasi hizo, bado asiondoke. Hospitali za rufaa zina ofisi ya ustawi wa jamii, na hapo ndipo pa kwenda kabla ya dirisha la malipo. Vituo vingi vina dirisha la wazee. Andika liko upande gani, maana mzee mwenye magoti mabovu hawezi kuzunguka jengo zima akilitafuta.

Presha na sukari nilivipa ukurasa mzima, kwa sababu mtaani kuna vipimo vingi vya bure siku za matamasha na vingi vinapimwa vibaya. Mtu anatoka kukimbia na klabu ya jogging, jasho linamtiririka, anawekewa mashine, anaambiwa ana presha. Kipimo cha kuaminika kina masharti: akae dakika 5 ameegemea, miguu imegusa chini bila kupishanisha, mkono umelala mezani usawa wa moyo, asizungumze, na nusu saa kabla asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Apimwe mara mbili, akipumzika dakika moja au mbili katikati. Namba zikifika 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, huyo ni wa kwenda kliniki, na andika kliniki hiyo ni siku gani. Zikifika 180 kwa 120 na ana maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au kuona ukungu, hakuna kusubiri siku ya kliniki. Kuhusu dawa za presha, waelezeni watu kwamba namba kushuka maana yake dawa inafanya kazi. Wanaoacha kwa kujiona wamepona ndio tunaowabeba kwenye bajaji usiku na kiharusi.

Kifua kikuu kina kanuni nyepesi ya kukumbuka: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, kutoka jasho usiku, kupungua uzito. Makohozi yanayofaa kwa kipimo ni ya asubuhi, yatoke kifuani kwa kukohoa kwa nguvu. Mate ya mdomoni yanaweza kuficha ugonjwa. Mgonjwa akohoe nje penye hewa. Matibabu ya kawaida ni miezi 6, na hatari iko kwenye mwezi wa pili, pale kikohozi kinapoisha, uzito unarudi, na mtu anaona vidonge vimekuwa mzigo. Akiacha hapo, vimelea vilivyobaki vinaweza kuwa sugu. Watoto wadogo wa nyumba hiyo nao wapelekwe kuchunguzwa hata kama wanacheza vizuri.

Kwa mama na mtoto sikuandika mengi, kwa sababu kina mama wenyewe wanajua siku za kliniki kuliko mtu yeyote. Niliongeza mambo mawili tu. La kwanza ni namba 115 ya m-mama, inayopigwa bure kwa usafiri wa dharura wa mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga. La pili ni fistula: wanawake wanaovuja mkojo baada ya uzazi wanatibiwa bila malipo CCBRT, Msasani. Kuna mwanamke anaweza kukaa na hali hiyo miaka akijifungia chumbani, na mstari mmoja kwenye daftari unaweza kumtoa.

Ukurasa wa afya ya akili ndio uliochukua muda mrefu kuupata sawasawa. Watu huuliza tu “wapi wanapokea vichaa?”, na swali hilo linamfukuza mwenye sonona, mama aliyejifungua anayelia kila siku, na kijana asiyelala. Kwa hiyo niliandika kwa dalili: asiyelala wiki kadhaa, aliyejitenga na watu, anayesikia sauti, anayesema hataki kuishi. Hospitali za rufaa za mkoa na Muhimbili zina huduma za afya ya akili. Uliza siku, na uliza kama mgonjwa mpya anahitaji rufaa. Familia ije na mtu mmoja anayemjua mgonjwa vizuri, iandike lini hali ilianza, dawa alizowahi kutumia, na kama anatumia pombe au bangi. Familia nyingi huanzia kwa sheikh, mchungaji au mganga wa kienyeji, na sioni faida ya kugombana nazo. Dua iendelee, dawa isikatizwe, na mgonjwa asifungwe kamba. Anayesema anataka kujiua asiachwe peke yake hata kwenda chooni, na dawa na sumu za panya ziondolewe nyumbani siku hiyohiyo.

Kwa vijana wanaotumia heroini, kliniki ya methadoni (dawa inayotolewa badala ya heroini) ya Muhimbili ilianza mwaka 2011, na baadaye zikafunguliwa Mwananyamala na Temeke. Dawa ni bure, na kwa kawaida inanywewa kliniki mbele ya mhudumu kila siku. Familia ielewe kabla ya kuanza kwamba suala ni nauli ya kila siku kwa miezi na miaka, ambayo ipangwe mapema, tena ikiwezekana na ndugu kadhaa wakipokezana. Akikosa siku kadhaa mfululizo, hawezi kurudi kwenye dozi yake ya zamani, kwa sababu mwili umeshapoteza mazoea nayo na dozi ile inaweza kuzuia pumzi. Lazima aonwe na daktari kwanza. Kuingia mara nyingi kunapitia asasi zinazofanya kazi maskani na watumiaji, kwa hiyo andika asasi inayopita mtaani kwenu na siku zake.

Wanaoishi na virusi vya UKIMWI wana CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu yao, na pia wana konga, yaani baraza lao la wilaya, lenye vikundi mitaani. Kikundi kinasaidia vitu ambavyo kliniki haina muda navyo: namna ya kumweleza mwenza, nani achukue dawa kama umesafiri, kukopeshana mtaji mdogo. Usiandike jina la mwanachama yeyote. Kwa kweli daftari zima lisiwe na jina la mgonjwa hata mmoja. Likipotea siku moja na majina ndani, watu hawatakuamini tena, na watakuwa na haki.

Ukurasa wa nyuma ya jalada ndio wa usiku, umeandikwa kwa herufi kubwa ili usomeke kwa tochi ya simu. Una 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, 116 kwa mtoto aliye hatarini, 115 ya m-mama, na 112 ya polisi. Namba hizi nilizipiga kwa mitandao tofauti kabla ya kuziandika. Chini yake kuna maelekezo ya mtu aliyebakwa: asioge, nguo zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi au bahasha, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu na ushahidi huharibika. Apelekwe hospitali haraka, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa ya kuzuia mimba ina mwisho wa saa 120. PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, ndugu anaweza kuifuata kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, wakati matibabu yameshaanza. Amana ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, ustawi wa jamii na polisi wanapatikana mahali pamoja.

Mwisho wa ukurasa kuna namba za bajaji tatu za mtaa, ambazo madereva wake wamekubali kutoka usiku kwa bei ya mchana, na lango la zahanati linalofunguliwa baada ya saa kumi na mbili jioni. Daftari lina nakala tatu: moja kwa mjumbe, moja ofisi ya mtaa, moja kwa mama anayeuza genge kona ya msikiti, kwa sababu yeye anafungua kabla ya alfajiri. Kila baada ya miezi mitatu nazipitia zote, nakata kwa mstari kilichobadilika, na naandika tarehe mpya pembeni.