Nilivyopunguza kilo moja kwenye gari langu la rimoti la kupanda mawe

Nyuma ya nyumba tunayoishi hapa Isamilo, Mwanza, kuna jiwe la itale linalonizidi kimo kidogo, lenye ufa ubavuni. Kwa mji huu ni jiwe la kawaida tu, maana nyumba nyingi za vilimani zimejengwa katikati ya mawe. Miaka yote nilikuwa nikilipita, mpaka nilipopata gari la rimoti la kupanda mawe, la mtumba, lenye ukubwa wa moja ya kumi ya gari halisi. Siku ya kwanza lilifika nusu ya jiwe, likainua pua, likaanguka kinyumenyume. Nikalirudisha, likaanguka tena. Mpwa wangu alikuwa amesimama chini akijaribu kulidaka.

"Mjomba, limezidi uzito juu," akaniambia.

Alikuwa sahihi. Lilikuwa na bodi ya plastiki nene, keria ya chuma juu ya paa, tairi la akiba nyuma, na betri kubwa ya nikeli iliyokaa juu ya chasisi. Nikalipeleka dukani kwa jirani, nikaliweka kwenye mizani ya sukari: gramu 2,850. Kisha nikapima mbele peke yake, matairi ya nyuma yakiwa juu ya kipande cha mbao kilicholingana na mizani kwa kimo. Mbele ilibeba chini ya nusu ya uzito. Gari likipanda, mzigo unahamia nyuma. Sasa kama hata kwenye usawa lilikuwa limeshaelemea nyuma, matairi ya mbele yangekandamizwa na nini?

Bodi ndiyo iliyonipa kazi na raha kubwa zaidi. Ile ya zamani, pamoja na keria na tairi la akiba, ilikuwa gramu 820. Kwa fundi wa mabango nilipata mabaki ya ile plastiki nyepesi wanayobandikia picha, ya milimita 2. Unaikata kwa kisu, unaipasha moto kidogo inapinda, na gundi ya kawaida ya plastiki inaishika. Nikatengeneza pikapu fupi isiyo na karai nyuma, paa nikalishusha sentimita 3. Nilipoimaliza ilikuwa gramu 170. Nilirudia kuipima mara tatu nikidhani mizani imekwama.

Chasisi ya chuma nikaibadilisha kwa vipande viwili vya aluminiamu bapa nilivyopata kwa fundi wa madirisha. Nilitoboa matundu yote kwa kufuata chasisi ya zamani, ili ekseli zibaki umbali wake wa milimita 313, kipimo ambacho magari mengi ya aina hii hukifuata. Bampa nikatupa. Chini ya tumbo la gari nikafunga kipande cha kibao cha plastiki cha kukatia nyama. Chuma kikigusa itale kinakwama, lakini plastiki ile inateleza na gari linaendelea.

Ekseli sikuzigusa. Ziko chini kabisa, na uzito wa chini ndio unaolizuia gari lisipinduke.

Betri ya nikeli ya gramu 380 nikaiacha, nikanunua ya lithiamu ya volti 7.4 na mAh 1300 (kipimo cha umeme inaotunza), gramu 90 tu, nikaifunga mbele juu ya ekseli. Kupanda mawe ni mwendo wa polepole na mota haili umeme mwingi, kwa hiyo inanipa zaidi ya nusu saa. Lakini betri ya kwanza niliiua mwenyewe. Kifaa kinachoendesha mota kina kipini kidogo cha kuchagua aina ya betri, nami nilikiacha upande wa nikeli. Kwa hiyo hakikukata umeme betri ilipoishiwa, nikaendelea kucheza mpaka ikavimba kama andazi. Ukibadilisha betri, anza na kipini hicho kabla hujawasha chochote.

Mizani sasa ikasema gramu 1,640, mbele 935. Nilikwenda kwenye jiwe nikiwa na uhakika, na gari likanisikitisha. Halikuanguka, ila lilikuwa linadundadunda na matairi yanateleza kwenye mawe yale yale yaliyokuwa yanashikika mwanzoni. Ilinichukua wiki mbili kuelewa. Springi na sponji za ndani ya matairi zilikuwa za gari la karibu kilo tatu. Gari jepesi halikuweza kuziminya, kwa hiyo tairi lilibaki duara gumu lenye kugusa jiwe mahali padogo tu.

Nikaagiza springi laini, zinazoliacha gari likae limezama nusu ya mwendo wa shokapu. Sponji nikazikata upya kutoka kwenye godoro kuukuu, nyembamba kuliko za mwanzo. Kisha nikaenda kwa mafundi wa matairi, nikaomba vile vipande vya kujibandika vya kubalansi rimu, nikabandika gramu 60 ndani ya kila rimu ya mbele. Ndiyo, nilirudisha gramu 120, lakini safari hii ziko chini na mbele. Jumla 1,760, mbele 1,055, yaani asilimia 60.

Jioni ile nililala kifudifudi kando ya jiwe, mpwa akiwa ameshika rimoti. Tairi la mbele lilifika ukingoni, likatulia, mpira ukajikunja taratibu ukauvaa ukingo wa itale, meno yakaingia kwenye chembechembe moja baada ya jingine, pua ikapanda. Bodi haikutikisika. Kwenye mwinuko lilipokuwa likianguka, lilisimama kabisa alipoachia rimoti, kisha likaendelea mpaka juu.

Kilichobaki ni ule ufa wa ubavuni. Pale gari linapita kwa kulala upande, na tairi la nyuma la kulia linadumbukia kila mara. Nimeanza kupima kama nikitanua ekseli milimita 5 kila upande litapita.