Kengele ya Mbwa Msituni

Kabla hatujatoka, shemeji alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, kisha akanyoosha mkono. "Shem, hizo glavu niachie."

Zilikuwa glavu nyeupe za sufu, dada yangu aliniazima asubuhi ile kwa sababu ya baridi. Shemeji akazirudisha ndani, akatoka na zake za akiba, nene, za rangi ya machungwa, zikanipwaya vidoleni.

"Kulungu wa huku ana weupe chini ya mkia," alisema tukiwa tunafunga kamba za viatu. "Akishtuka anauinua mkia, na hicho cheupe ndicho kinachoonekana kikikatiza kati ya miti. Kwa hiyo nyeupe haivaliwi msituni mwezi wa Novemba. Hata leso mfukoni isiwe nyeupe."

Akanisimulia habari ambayo wenyeji wa Maine, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Marekani anakoishi, wa rika lake hawajaisahau. Mwezi huohuo wa Novemba, mwaka 1988, mama mmoja kijana alipigwa risasi na mwindaji akiwa nyuma ya nyumba yake mwenyewe, pembezoni mwa msitu, akafa. Alikuwa amevaa glavu nyeupe. Jimbo zima liligawanyika, wengine wakimlaumu mwindaji, wengine, jambo linaloniuma hadi leo, wakimlaumu marehemu kwa kuvaa alivyovaa kwenye ua wa nyumba yake. Baadaye sheria iliandikwa upya, ikatamka wazi kwamba mwindaji ni lazima amtambue mnyama sawasawa kabla ya kufyatua. Shemeji alipomaliza kusimulia, sikuzikumbuka tena glavu za dada.

Novemba karibu yote kule ni msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki. Jumapili ingetufaa zaidi, maana Maine hairuhusu kuwinda Jumapili, lakini shemeji huwa na zamu kazini siku hiyo. Acadia, hifadhi ya taifa ambamo uwindaji umepigwa marufuku, iko mbali na kwake. Basi tulikwenda Jumamosi, katika msitu ambao wawindaji wana haki nao kama sisi. Nimewahi kuwasikia watembeaji wakiwazungumzia wawindaji kama wavamizi, nami sikubaliani nao. Wengi wao wameufahamu msitu ule tangu utotoni, na wanaujua kuliko mtu yeyote anayeupitia mara moja kwa wiki akiwa na mkoba mgongoni.

Shemeji alivaa kizibao na kofia, nami vivyo hivyo, vyote rangi ya machungwa ile kali inayoumiza macho. Sheria ya huko inamtaka mwindaji wa kulungu avae vitu viwili vya namna hiyo: kofia, na vazi la kufunika kifua na mgongo. Mtembeaji hatajwi. Shemeji hajali kutotajwa huko, yeye huvaa. Mikoba nayo aliifunika kwa kitambaa cha rangi ileile, kwa sababu mkoba mweusi hukificha kizibao chote kwa nyuma, na mtu anayekutazama kutoka nyuma ndiye ambaye wewe humwoni.

Mbwa ndiye aliyenitia wasiwasi. Ni mkubwa, miguu mirefu, manyoya ya kahawia kavu, rangi ileile ya kulungu wa msimu wa baridi. Alivishwa kizibao chake kilichofungwa tumboni kwa velkro, ule utepe wa kunatanisha, na shingoni akaning'inizwa kengele ya shaba iliyolia kwa kila hatua. Kamba yake aliishika shemeji mwenyewe. Dada aliachiwa jina la njia tuliyokusudia kupita na saa ya kurudi: saa nane mchana, isizidi.

Tuliingia msituni saa nne na nusu. Kulungu hutembea zaidi alfajiri na jioni, na sheria inaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Nyakati hizo mbili mwanga ni hafifu, mnyama yuko njiani na mwindaji yuko macho, kwa hiyo mtembeaji akae nje ya msitu. Jua la Novemba huko huzama mapema, kama saa kumi jioni, ndiyo maana saa yetu ya kutoka haikuwa ya kujadiliwa.

Majani yalikuwa yameshapukutika. Unaona mbali kuliko kiangazi, lakini kila kitu ni kahawia na kijivu, na jicho linachoka kutenganisha shina na kivuli. Tulizungumza muda wote, kwa sauti ya kawaida, habari za nyumbani na za kazini. Mlio wa kwanza wa bunduki tuliusikia mbali sana, upande wa kaskazini. Shemeji akasimama, akaweka viganja mdomoni, akaita kwa Kiingereza kwamba kuna watu njiani. Hakuna aliyejibu. Tukaendelea.

Ilikuwa tumevuka daraja dogo la mbao kindi alipokatiza njia. Mbwa akaruka. Nilisikia chuma kikilia, nikamwona shemeji ameshika kamba isiyo na kitu mwishoni: ndoano ya kufungia ukosi ilikuwa imekatika. Mbwa akatokomea kwenye msonobari mdogo uliosongamana, nasi tukabaki tunaisikiliza kengele ikienda mbali.

"Tusikimbie," shemeji alisema, na nilishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Mtu akikimbia ameinama kati ya matawi haonekani kuwa mtu. Tutembee wima, tukae karibu, na mdomo usifungwe." Filimbi ilikuwa shingoni mwake, lakini hakuipuliza. Filimbi ikipulizwa mara tatu ni ishara ya mtu aliye taabani, na hakutaka watu waje mbio kutuokoa. Alitaka wajue tu kwamba tupo.

Tukaacha njia, tukaingia msonobarini. Yeye alipaza sauti kwa Kiingereza, "Watu! Watu hapa!" Mimi nikamwita mbwa kwa Kiswahili, lugha aliyolelewa nayo ndani ya nyumba ile: njoo, rudi, njoo hapa. Baada ya mwendo mfupi tuliona kitu kinang'aa kwenye tawi kavu. Kilikuwa kizibao chake. Velkro ilikuwa imeachia, tawi likakivua.

Nilikishika mkononi na moyo ukanidunda. Sasa mnyama wa kahawia alikuwa anakimbia katika msitu wa kahawia, Jumamosi ya msimu, bila chochote mwilini cha kuwaambia watu kwamba yeye si wa kuwindwa. Na hapo ndipo bunduki ilipolia, karibu, mshindo mzito ulioupiga mwili kabla sikio halijajua umetoka wapi. Kilima kiliurudisha mwangwi, kisha kilima kingine, hata sikuweza kuonyesha kwa kidole upande wake.

Shemeji alinishika bega. "Mshindo mtupu," alisema. "Haukupasuka. Haikuja kwetu."

Nilimwelewa baadaye. Risasi ya bunduki ya kulungu huenda kwa kasi kuliko sauti, kwa hiyo mtu ambaye imempita jirani husikia kwanza mpasuko mkali, kama ubao mkavu unaovunjwa, ndipo mshindo wa bunduki yenyewe ufuate. Sisi tulisikia mshindo peke yake. Lakini wakati ule maneno yake hayakunipoza, kwa sababu nilikuwa namfikiria mbwa. Tulinyamaza wote wawili kwa pumzi moja, tukitega sikio, na kengele haikusikika.

Kisha ikalia, mbele kidogo, taratibu, kengele ya mbwa anayetembea. Na juu yake ikaja sauti ya mtu:

"Nimewasikia! Mbwa wenu yuko hapa chini, mzima! Njooni hivihivi, mkizungumza!"

Tulifika tukamkuta mbwa anazunguka shina la mti mkubwa, akitazama juu. Ilinibidi nami nitazame juu ili nimwone mwenye sauti. Mzee mmoja, kofia na kizibao vya machungwa kama vyetu, amekaa kwenye dungu la chuma lililofungwa shinani, kama mita tano kutoka ardhini. Rangi yake ilikuwa wazi kabisa, lakini tulikuwa tumeitazama sehemu ile kutoka mbali na hatukumwona, kwa kuwa mtu anayetembea hutazama mbele na chini.

Hakushuka papo hapo. Alifungua bunduki, akatoa risasi zote, akachungulia ndani ya chemba, akaifunga kwa kamba na kuiteremsha taratibu hadi chini, mtutu ukielekea mbali nasi. Ndipo akashuka, mikono mitupu. Shemeji alimshukuru hata maneno yakamwishia, akapiga magoti kumkumbatia mbwa.

Mimi nilitaka kujua. Nilimuuliza aliona nini.

"Nilisikia kengele kwanza," alijibu. "Kulungu havai kengele. Nikatoa mkono kwenye bunduki. Kisha nikasikia watu wawili, mmoja lugha yangu, mwingine lugha nisiyoijua, lakini mtu ni mtu akiita. Halafu ndipo nikaona kitu cha kahawia. Nikachukua darubini." Aligusa darubini iliyoning'inia kifuani.

Kwenye bunduki yake kulikuwa na darubini nyingine, nzuri zaidi kwa kuitazama. Nikauliza kwa nini hakuitumia hiyo.

Uso wake ulibadilika, si kwa hasira. "Ukitazama kwa ile, mtutu umeshaelekea unachokitazama. Ukigundua ni mtoto wa mtu, umeshamwelekezea bunduki. Ile ni ya kupigia. Ya kutambulia ni hii."

Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile. Nilikuwa nimedhani usalama wetu ulikuwa mikononi mwetu: vizibao, sauti, saa tulizochagua. Kumbe nusu yake ilikuwa juu ya mti, kwa mtu aliyejifunza kuona kabla ya kuinua mkono, na sisi kazi yetu ilikuwa kumrahisishia kuona. Kengele ilimpa sekunde chache kabla ya ile rangi ya kahawia kutokea. 

Na ule mshindo haukuwa wake. Mwenzake alikuwa ng'ambo ya kijito, upande wa pili wa kilima, na wawili hao walikuwa wamekubaliana alfajiri kila mmoja asipige kuelekea upande wa mwingine. Yeye mwenyewe hupenda dungu, alisema, kwa kuwa ukipiga kutoka juu risasi inayokosa huishia udongoni. Ikipigwa mtutu ukiwa umeinuliwa kuelekea mbinguni, isipokuta kitu, yaweza kwenda zaidi ya kilomita tatu, na hakuna anayejua huko mbali kuna nani. Hapigi kamwe mnyama aliyesimama juu ya mgongo wa kilima, mbingu ikiwa nyuma yake, hata awe na pembe nzuri namna gani.

Shemeji akamwuliza kama rangi zetu hazimharibii mawindo. Mzee akatikisa kichwa. Jicho la kulungu halina uwezo wa kuipokea nyekundu kama letu, kwa hiyo machungwa haya makali kwake ni rangi iliyofifia, haimshtui. Kinachomshtua ni harufu na mwendo. "Vaeni," alisema, "mnanisaidia mimi." Na kelele zetu? Hapo alisita, akasema ukweli: ndiyo, asubuhi yake tulikuwa tumeiharibu, kulungu hatapita pale kabla ya jioni. "Lakini afadhali nirudi mikono mitupu kila Jumamosi ya msimu kuliko kutojua ninyi ni akina nani."

Alitoa kamba ya akiba mkobani, akamfunga mbwa kwa fundo madhubuti, akakataa kurudishiwa. Akatuuliza tunarudi kwa njia ipi. Tulipomwonyesha, alitusindikiza hadi kwenye njia yenyewe, bunduki ikiwa wazi na tupu begani, akampigia mwenzake simu kumweleza kwamba watu wawili na mbwa watapita darajani kuelekea kusini, wamevaa machungwa. Alingoja jibu kabla ya kutuacha tuondoke. Tulitembea tukizungumza kwa sauti hadi kwenye gari, na tulifika kwa dada kabla ya saa nane.

Jioni ile shemeji aliketi na sindano na uzi mnene, akaing'oa velkro yote kwenye kizibao cha mbwa na kushona mikanda miwili yenye vifungo, mmoja wa kifuani na mmoja wa tumboni. Ndoano iliyokatika aliitupa, akatia ya chuma inayofungwa kwa kuzungushwa, kama zile za wapanda milima, na kamba ya pili nyembamba ya kushikilia endapo ya kwanza itakatika. Alivuta kila kitu kwa nguvu zake zote mara kadhaa. Kisha akanipa mimi nivute.