Siku Yangu na Kipakatalishi Kilichopasuka Skrini

Saa moja asubuhi. Nikishafungua duka langu la kuchapa nyaraka hapa Kondele, Kisumu, huwasha monita kwanza, kisha kipakatalishi, kwa sababu mashine nyingi za zamani huangalia mwanzoni kabisa kama kuna skrini nyingine iliyounganishwa. Skrini yake yenyewe ilipasuka begi la mteja lilipoiangukia, na sasa upande mmoja ni weusi mtupu na wa pili ni mistari ya rangi. Fundi aliponitajia bei ya kioo kipya, niliona heri ninunue monita iliyotumika ya inchi 22, ambayo itanifaa hata mashine hii itakapochoka kabisa. Waya wake ni wa VGA, ule wenye pini 15 na skurubu mbili ubavuni. Skurubu hizo huzikaza kwa vidole kila asubuhi, kwani waya ukilegea kidogo tu, picha yote hugeuka manjano au waridi.

Nikishaingia, nabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, nachagua picha itokee kwenye monita pekee. Ukiziacha skrini mbili ziwe uwanja mmoja mpana, dirisha la programu laweza kufunguka upande uliokufa, ukabaki kulisubiri bila kuliona. Likipotelea huko, nashikilia Windows na Shift, nabonyeza mshale, nalo linahamia kwenye monita.

Saa tatu. Mwalimu wa shule ya jirani ameleta mtihani ulioandikwa kwa mkono. Nimemgeuzia monita kidogo ili asome ninapochapa, na kurasa mbili zinaonekana bega kwa bega. "Mwalimu, alama zimefika 48," nikamwambia. Akainama, akazihesabu upya akipitisha kidole juu ya kioo, kisha akasema, "Kweli, dada. Swali la insha lipe mbili zaidi."

Saa saba mchana. Stima imepotea. Monita imezima papo hapo, lakini kipakatalishi kinaendelea kwa betri yake, na kazi yote imo humo, hai, ila haionekani. Nabonyeza Ctrl na S bila kuona chochote, na faili inahifadhiwa, mradi ilikuwa imeshapewa jina. Ndiyo maana kila faili huipa jina kabla sijachapa mstari wa kwanza. Monita ya ukubwa huu yenye taa za LED kwa kawaida haifikishi wati 30, kwa hiyo hata UPS ndogo (kifaa cha betri kinachotoa umeme stima ikipotea) ingetosha kuiwasha kwa muda, nami naiwekea akiba.

Saa tisa. Binti mmoja amekuja kufanya usaili wa kazi kwa video, na hii ndiyo saa ngumu kuliko zote. Kamera na maikrofoni zimo kwenye fremu ya skrini ile ile iliyopasuka, kwa hiyo kifuniko ambacho kwa kawaida huwa karibu kimefungwa (nimeshaweka mipangilio ili mashine isilale kikifungwa) lazima kifunguliwe chote. Nimekiweka kipakatalishi mbele ya monita, chini kidogo, ili akitazama uso wa msaili aonekane anaitazama kamera pia; kikikaa pembeni, huonekana kama mtu anayechungulia dirishani. Waya wa VGA haubebi sauti, tofauti na wa HDMI, hivyo sauti imetoka kwenye spika ndogo za mashine, na nimemwomba jirani apunguze redio yake. Binti amejibu maswali kwa utulivu hadi mwisho.

Saa kumi na mbili jioni. Radi inanguruma upande wa ziwa. Nazima kila kitu, nachomoa plagi zote mbili ukutani. Jirani ameingia kuniambia kuwa kipakatalishi cha mwanawe kinawaka taa lakini skrini ni giza. Nimemshauri akilete kesho tukiunganishe na monita yangu kabla hajamlipa fundi yeyote: picha ikitokea, basi ubovu una uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye kioo au utepe wake wa waya, isipotokea, huenda tatizo liko kwenye bodi kuu ya ndani ya mashine, na hapo kununua kioo kipya hakutamsaidia.