Yaya, ikala

Siku ya kwanza kuitwa "yaya" hapa Brussels nilinuna. Mimi mtu wa Kigoma, na kwetu yaya ni binti wa kazi, anayelea watoto wa watu. Kumbe yule dada msusi, mzaliwa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, alikuwa ananipa heshima yangu: kwao yaya ni dada mkubwa. "Yaya, ikala," akasema, yaani kaa, akanisogezea kiti cha plastiki. Sikwenda kusuka. Niliingia kukwepa mvua tu, nikakaa saa tatu nzima.

Hapo ni Galerie d'Ixelles, katikati ya Matonge, mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Ukitoka metro ya Porte de Namur ni hatua chache tu, unazama kwenye ushoroba wa saluni, mawigi na vitenge unaokutupa barabara ya Chaussée de Wavre. Wazee husema yote yalianza na wanafunzi. Kongo ilipata uhuru 1960, na mwanzoni mwa miaka ile hapa jirani ikafunguliwa Maison Africaine, nyumba ya kuwalaza wanafunzi kutoka Afrika. Mwanafunzi lazima ale, anyoe, apate pa kupigia soga Jumamosi. Maduka yakafuata matumbo na vichwa.

Kuna jambo wageni wanaokuja kupiga picha hawalijui: wengi wetu tunaoshinda Matonge hatulali Matonge. Kodi ya pale si ya saizi yetu. Mimi natokea Anderlecht, sehemu nyingine ya Brussels, nikitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, miguu imevimba. Nikifika nanunua majani ya muhogo, ambayo mimi naita kisamvu, dada wa Bukavu anaita sombe, na muuzaji wa Kinshasa ananirekebisha: pondu. Mfuko naubeba hadi saluni. Nywele zangu mwenyewe fupi, hazisukiki. Nafuata kiti.

Kiti kile kiliniokoa mwaka wangu wa kwanza. Barua ya manispaa ilikuwa imekaa kwenye mkoba wiki mbili bila kufunguliwa, maana Kifaransa changu kilikuwa cha salamu na kuomba radhi. Mama mmoja wa Bujumbura, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimetimka, akanyoosha mkono bila kuuliza, akaichana bahasha kwa mpini wa kitana. Akasoma kimyakimya, akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, leo tarehe ngapi?" Ilikuwa imebaki siku moja nipeleke karatasi zangu. Kesho yake saa mbili asubuhi tulikuwa wawili kwenye foleni, mimi na yeye, kajifunga kilemba kufunika kichwa ambacho msusi hakukimaliza.

Halafu kuna daftari. Daftari la kawaida la mistari, jalada limelowa mafuta ya nywele, linakaa droo moja na nyuzi na sindano. Akifariki mtu, habari inafika pale kabla haijafika kwingine. Matanga ni neno wanalolijua Waswahili na watu wa Lingala pia, hakuna wa kutafsiriwa. Majina yanaandikwa upande wa kushoto, euro kulia: 10, 20, 5, mwingine ameandika "wali" kwa sababu pesa hana ila sufuria anayo. Kusafirisha maiti hadi nyumbani ni gharama ya kuvunja ukoo, na nimeona ukurasa mmoja wa daftari ukiibeba. Mwenye saluni hakuwahi kuomba kibali cha kufanya kazi hiyo, na sidhani ipo ofisi inayotoa kibali cha namna hiyo.

Pale mlangoni mwa mtaa sasa kuna uwanja wa Patrice Lumumba. Ulizinduliwa tarehe 30 Juni 2018, siku ya uhuru wa Kongo, baada ya vyama vya Waafrika kuudai miaka mingi. Nilikwenda nikaugusa mlingoti wa kibao, nisikudanganye, machozi yalinilenga. Ila mji unajua kukumbuka marehemu kuliko kuwapisha walio hai. Kibao tumepewa, viti vinatushinda.

Maana mwaka juzi mwenye saluni aliambiwa ushoroba ni njia ya kupita, viti vitoke. Nilimkuta akivipanga kimoja juu ya kingine, hasemi neno, na kwa dada yule kunyamaza ni ugonjwa. Wiki mbili watu walisimama. Ukisimama husomewi barua. Unaulizwa bei ya rasta, unajibiwa, unaondoka. Mama wa Bujumbura alikuja mara moja akarudi, magoti hayamruhusu.

Wiki ya tatu nikakuta vigoda vya kukunja, vimetundikwa kwenye misumari nyuma ya mlango. Akitokea mtu wa kuuliza, vinakunjwa chap, ushoroba mweupe. Akipita, vinafunguliwa.

Jumamosi iliyopita nilivihesabu: saba. Sita vilikuwa na watu wazima. Cha saba kilikuwa na katoto ka miaka mitatu hivi, kamelala kamepinda shingo, koti limefungwa hadi kidevuni.

"Ka nani haka?"

"Mama yake yuko kazini, anafanya usafi maofisini. Yaya, ikala nako."

Nikakapakata hadi saa mbili usiku.