Kalipa za Njano

Saba Saba ya mwaka 2017 iliangukia Ijumaa. Wakati watu wanamiminika Barabara ya Kilwa kwenye maonyesho, mimi nilikuwa nimepiga magoti uani kwetu Kigamboni, natafuta ubao mpana wa kuweka chini ya jeki, ili nitoe matairi nipake rangi kalipa za gari langu, vile vyuma vinavyobana pedi kwenye diski za breki. Uani kwetu ni mchanga mtupu. Ukiweka jeki hivi hivi, inazama yenyewe kabla gari halijainuka.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Macho yake yalikuwa yameshaanza kufunikwa na mtoto wa jicho, lakini masikio yalikuwa hayajapungua hata kidogo.

"Umelegeza nati kabla hujainua?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Zote tano?"

"Zote."

"Haya. Na tairi ukishalitoa usilitupe pembeni. Lilaze chini ya bodi. Jeki ikikusaliti, gari lidondokee tairi, lisikudondokee wewe."

Mjomba alikuwa fundi wa magari ya abiria kwa zaidi ya miaka thelathini, nyingi akiwa kwenye mabasi ya njia ya Mbeya. Alikuwa ananiambia kwamba gari likimaliza kuteremka mlima Kitonga, yeye hakuangalia kitu chochote kwanza, alinusa breki. Na pua hiyo hiyo ndiyo iliyomwingiza kwenye shughuli yangu. Mwezi Mei nilikuwa nimepaka kalipa moja ya mbele kwa rangi ya mafuta iliyobaki tulipopaka geti. Sikutoa hata tairi, nilipenyeza brashi katikati ya mikono ya rimu. Wiki mbili baadaye nilimpitia Mjomba kumpeleka hospitali kucheki macho. Tulipofika kwenye foleni ya Uhasibu akashusha kioo, akakipandisha, akashusha tena.

"Gari lako linaunguza rangi," akasema.

Nilipoangalia nyumbani, ile rangi ilikuwa imegeuka kahawia, imejikunja, inabanduka kama ganda la kitunguu. Mjomba hakunigombeza. Aliuliza tu kwa nini nimepaka.

Nilimweleza ukweli. Ile Altezza ilikuwa gari langu la kwanza, nimelinunua kwa akiba ya miaka minne. Ina rimu za inchi 17 zenye mikono myembamba, kwa hiyo kila anayepita anaona kilichomo ndani, na kilichomo ndani kilikuwa kutu tupu. Anayeishi Kigamboni anajua upepo wa bahari unavyokula chuma: geti, bati, bawaba za madirisha, vyote vinaliwa. Sikupenda kuliona gari langu linaliwa namna ile nami naangalia. Nilidhani atasema ni mambo ya vijana. Akasema, "Basi tuifanye kama kazi ya breki, si kama kazi ya rangi."

Jumamosi moja tukaenda Kariakoo, yeye ameshika bega langu, tukazunguka maduka ya spea mpaka tukapata rangi ya kalipa yenyewe, kopo dogo la kupaka kwa brashi, limeandikwa kwamba inahimili joto la zaidi ya nyuzi 200. Nikachukua nyekundu. Mjomba akamwomba muuzaji ya njano.

"Mjomba, nyekundu ndiyo inayokaa vizuri kwenye gari jeusi."

"Sikatai. Lakini mimi nataka rangi inayotangaza uchafu." Akanisimulia pale pale dukani, watu wanatupita, habari ya Costa moja aliyoletewa zamani ikiwa pedali yake imefika chini kabisa. Mafuta ya breki yalikuwa yanavuja kwenye gurudumu kwa siku nyingi, ila kulikuwa na tope na grisi na vumbi jeusi kiasi kwamba palipolowa na pasipolowa hapatofautiani. Dereva alikuwa analiosha lile gari kila jioni na hakuona kitu. "Mafuta ya breki yanakula rangi," akasema. "Yakigusa rangi yanaivimbisha. Kwa hiyo ukipaka ya kung'aa, ile sehemu inayovuja itakuita yenyewe. Na mimi macho yangu haya, nyekundu na kutu nazionaje tofauti?"

Nikalipia ya njano. Sikufurahi, lakini nililipia.

Sasa hiyo Ijumaa. Kupaka kwenyewe ni dakika chache. Kinachokula siku ni kuosha. Kwanza alinikataza kupuliza lile vumbi jeusi la pedi wala kulifuta likiwa kavu, kwa sababu si vumbi la kuvuta puani. Nikalilowesha kwa maji ya sabuni, nikasugua kwa brashi kuukuu, maji yakatoka meusi kama wino. Ikafuata brashi ya waya, halafu msasa, mpaka chuma kikaanza kuonyesha rangi yake ya kijivu. Nilipofikia chupa ya petroli ili nifute mafuta mafuta yaliyobaki, Mjomba akasikia kifuniko kinafunguliwa.

"Hiyo ni nini?"

"Petroli kidogo."

"Rudisha. Raba za breki haziwezi petroli wala oili, zinavimba. Chukua spiriti."

Nikafungua bolti mbili za kalipa, nikaivuta kutoka kwenye diski. Mjomba akasimama, akaja akipapasa bodi ya gari, akachuchumaa pembeni yangu na kipande cha waya wa kufungia nondo. Akaifunga kalipa kwenye springi mwenyewe, kwa vidole, bila kuangalia. "Usiiache ining'inie kwa paipu. Paipu kazi yake kupitisha mafuta, si kubeba." Kisha akachomoa pini moja ambayo kalipa inatelezea, akaipitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada kama mtu anayepima kitambaa. Ikaja ya pili. Hapo akatulia, akairudia tena.

"Shika hapa. Unasikia?"

Nilishika. Upande mmoja ulikuwa laini, upande mwingine una mikwaruzo ya kutu kama chembe za chumvi. Raba yake ilikuwa imechanika, maji yameingia. Ile kalipa ilikuwa inateleza kwa tabu, ndiyo maana pedi ya ndani ilikuwa imeisha kuliko ya nje. Nilikuwa nimeendesha gari hilo miezi saba. Tukaisafisha pini kwa msasa laini, tukaipaka grisi ya breki, na Jumatatu nikaenda kununua raba mpya.

Tulikuwa hapo, kalipa imefungwa kwenye springi na pedi zimetoka, nikasikia honi ya gari langu inalia. Mtoto wa dada yangu, ana miaka mitano, amefungua mlango na kupanda kwenye kiti cha dereva. Mjomba, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alipiga kelele iliyowatoa majirani nje: "Mtoeni mtoto kwenye gari! Asikanyage breki!" Nilikimbia nikamnyakua. Angekanyaga ile pedali wakati hakuna pedi wala diski ya kuizuia pistoni, ile inayosukuma pedi, pistoni ingetoka na mafuta yote yangemwagika. Mtoto alilia. Mjomba alimwita, akampakata na kumpa chai yake yote iliyobaki, akamwambia yeye ndiye mlinzi wa gari kuanzia sasa na mtu yeyote asiingie. Alilinda kweli, mpaka jioni.

Kabla ya kupaka tulifunika diski kwa magazeti, tukazungushia tepu ya karatasi kwenye raba na kwenye nipo, kile kichuchu cha kutolea upepo wa breki. Kusi ilikuwa inavuma, kwa hiyo nikanyunyizia maji uwanja mzima ili mchanga usiruke. Mkono wa kwanza nilipaka mwepesi, chuma bado kinaonekana chini yake. Nikatamani kuongeza. Mjomba akasema niache, adhana ilishaanza. Akaenda msikitini, mtoto akimshika mkono baada ya kunikabidhi ulinzi kwa muda. Aliporudi rangi ilikuwa imekauka, nikapiga mkono wa pili. Huo ndio uliokaa.

Kalipa nne zilikula siku mbili. Jumapili asubuhi, kabla sijawasha gari, alinitaka nikanyage pedali mpaka iwe ngumu, maana pistoni zilikuwa zimerudishwa ndani. Tukaenda polepole barabara ya mchanga, kisha lami, kisha tukavuka Daraja la Nyerere na kurudi. Mjomba alikuwa ameshusha kioo safari nzima. Hakusema neno. Tulipofika nyumbani akapandisha kioo na kusema, "Hainuki."

Desemba mwaka huo nilikuwa nimpeleke mama Tanga. Jioni ya kuamkia safari nilikuwa naosha gari, nikafika gurudumu la mbele kushoto. Kwenye ile njano, chini kidogo ya mahali paipu ya breki inapoungana na kalipa, palikuwa pametutumka. Sehemu yenyewe haizidi ukucha. Nilipogusa, rangi ikateleza juu ya chuma kama utando wa maziwa ya moto. Kidole kikabaki na utelezi.

Nilifungua boneti. Mafuta ya breki yalikuwa yameshuka chini ya alama. Oktoba nilikuwa nimebadilishiwa zile paipu kwenye gereji moja, na kumbe walirudisha washa za shaba za zamani, zile pete bapa za kuzuia mafuta yasivuje kwenye maungio.

Nikampigia Mjomba. Alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa jicho moja.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona usiku?"

"Njano imevimba. Mbele kushoto, kwenye paipu."

Kimya kidogo. "Usilisogeze hilo gari. Naja na bodaboda."

Alikuja na washa mbili mpya mfukoni, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, na tochi. Safari hii alichuchumaa akamulika mwenyewe, akaangalia muda mrefu, sijui kama alikuwa anaangalia uvujaji au anaangalia rangi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuiona vizuri. Tulibadilisha washa, tukatoa upepo kwenye breki, mama anakanyaga pedali na kuachia kila tukimwambia. Tukafuta mafuta yote kwa maji.

Saa tano usiku nilitoa kopo la Blue Band nililohifadhia rangi iliyobaki. Mjomba akanyoosha mkono. Nikampa brashi, nikamshikia tochi, akaziba ile nafasi mwenyewe.